Fundi Cherehani na Matairi ya Mtumba

Mzee Hezroni hakuwa mtu wa chuki, ila mtumba aliuchukia kwa moyo wake wote, na sababu alikuwa nayo. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni Kyela tangu zama zile ambazo mtu akitaka suruali ilibidi kwanza apange foleni apate kitambaa, kisha aje kwake kwa adabu, apimwe, aambiwe arudi wiki ijayo, na wiki ijayo aambiwe tena hivyo hivyo. Zilipokuja enzi za ruksa, marobota yakafunguliwa juu ya maturubai, na watu wale wale aliowashonea suti za harusi wakawa wanapita mbele ya cherehani yake wamevaa makoti ya Wazungu, mikono imewazidi hadi vidoleni.

"Ugonile, fundi!" wanamsalimia, bila hata haya.

"Ndaga," anawaitikia, macho hayatoki kwenye pindo analoshona.

Nyumbani kwake Ipinda akapiga marufuku: mtumba hauingii. Mkewe, Naomi, alikuwa na sweta lake moja la mtumba ambalo alilivaa shambani kwenye kakao mumewe akiwa kazini, na kulivua kabla hajarudi. Ndoa nyingi zimedumu kwa siri ndogo kama hizo.

Tena mzee mwenyewe alikuwa na Datsun ambayo aliinunua kwa bwana shamba mmoja aliyehamishwa, na bwana shamba naye aliinunua kwa mwingine. Ukimkumbusha hilo alikujibu, "Gari halivaliwi," mazungumzo yakaishia hapo. Kila asubuhi aliiendesha kwenda Kyela, nyuma wamejaa akina mama wa Ipinda na ndoo zao za mchele, na jioni akarudi nayo akiisifu kwa sauti kwenye kila mwinuko. Hakuna aliyemcheka, maana wote walikuwa wakipanda bure.

Mwaka huo matairi ya Datsun yalikuwa yamekwisha. Mawili ya mbele yalikuwa vipara kama kichwa cha mwenyewe, na ya nyuma yalishaanza kuchungulia waya. Kiangazi unaweza kutembea na matairi ya namna hiyo ukimwomba Mungu, lakini masika ya Kyela hayana utani. Udongo ule mweusi wa majarubani ukilowa hugeuka ugali, lori linakaa humo siku nzima, na mabasi yanageuza.

Na masika hayo hayakuwa kama mengine. Keziya, mke wa mwanawe Dickson, alikuwa na mimba ya kwanza, na muuguzi wa kliniki alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya tumboni: asijifungulie nyumbani, apelekwe hospitali Kyela uchungu ukianza tu. Siku zake zingetimia Aprili, katikati ya matope. Dickson alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, leo Kasumulu, kesho Karonga, na hakuna aliyejua siku hiyo angekuwa upande gani wa mto Songwe. Gari lililokuwa karibu ni Datsun. Kwa hiyo Mzee Hezroni alipowaza matairi alikuwa anamwaza mjukuu wake, na usingizi ulimpaa.

Usidhani alimwambia Keziya hayo. Hakuwahi kumwambia neno lolote. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani, na ingawa wengi kanisani walishalegeza, kwa Mzee Hezroni heshima ilikuwa heshima. Akifika nyumbani alikohoa tangu barabarani ili binti apate nafasi ya kuingia jikoni taratibu, asikurupuke. Tangu Keziya aolewe alimjua kwa sauti yake ya kwaya, kwa ndizi za mbalaga alizopika, na kwa visigino vilivyopotelea migombani. Alimpenda sana. Aliposikia kwamba mimba inamtamanisha mbasa, soko la samaki halikupumua.

Gari angeliendesha Yohana, jirani yao, dereva wa trekta, ili mkwe na mkamwana wasikae gari moja. Hilo lilishapangwa. Yalibaki matairi.

Zamani kununua tairi kulikuwa rahisi kwa kuwa halikuwapo. Ulitafuta kibali, ulimtafuta anayemjua mwenye kibali, na siku ukilipata hukuuliza limetoka wapi; ulilipakata ukaenda nalo. Mzee Hezroni hakuwahi kuchagua tairi maishani mwake. Sasa Kyela ilikuwa na matairi kila kona. Mapya yamefungwa karatasi, bei yake unaisikia ukiwa umekaa. Yaliyovalishwa mpira upya. Yaliyovushwa kutoka Malawi. Na chini ya mti wa mkorosho, Erasto alikuwa ameyapanga yale ya Japani kama vitumbua.

"Mzee, njoo uone, kashata za mpira bado zimesimama, hazijalika!"

"Mtumba?"

"Ni mtumba, lakini tairi la—"

Mzee alishaondoka. Kwenye duka moja la nyuma ya soko alikuta alichokitaka: matairi manne mapya, kwa bei iliyoshuka hadi usawa wake. Yalikuwa yamefunikwa vumbi la ghalani, lakini mwenye duka alipoyapangusa, vile vinyweleo vya mpira vilikuwa vimesimama vyote, havijawahi kugusa barabara. Mzee Hezroni akavipapasa kwa kidole kama anayepapasa kitambaa cha suti. Akalipa akiba yake, akayapakia, akarudi Ipinda akipiga honi kama mtu anayeleta ng'ombe wa mahari.

Akayashusha uani, akaenda kuoga. Kumbe Keziya alikulia Mwanjelwa, kule Mbeya, kwenye banda la baba yake la kuziba pancha, na hakuweza kupita kando ya tairi bila kuligusa, kama vile wewe usivyoweza kupita kando ya mtoto anayelia. Mzee alipotoka kuoga na kuketi barazani, uso ameuelekeza barabarani, Naomi alimjia akifuta mikono kwenye kanga. Keziya alikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi wa jiko.

"Mkamwana anasema matairi yako yamekufa," Naomi alisema.

"Yamekufaje, na hayajaanza kuishi?"

Naomi akageukia ukuta. "Baba anauliza yamekufaje."

"Mama, mwambie baba kwamba mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu. Haya yamekaa ghalani miaka mingi. Hayajatumika, lakini yamekauka."

"Anasema—"

"Nimesikia," alisema mzee. Kisha akakumbuka kwamba hapaswi kusikia. "Yaani, endelea. Muulize yapi sasa yanafaa."

"Yapi yanafaa?"

Jibu likapita ukutani. "Ya Japani, mama. Yale ya mtumba."

Naomi akatazama juu, akatazama chini. "Hilo mimi silifikishi," alisema. Papo hapo akasikia harufu ya maharage yanayoungua, akakimbilia jikoni, na alipofika hakurudi. Nahisi maharage hayakuwa yameungua kiasi hicho.

Wakabaki wawili, ukuta katikati, na hakuna wa kupeleka neno. Mzee akakohoa. Ndani, mwiko ukagonga chungu. Hatimaye akalitazama tairi lililokuwa mbele yake, akaliambia kwa ukali:

"Wewe tairi! Nimekununua mpya, una vinyweleo vyako. Inakuwaje nasikia umezidiwa na la mtumba?"

Sauti ikatoka nyuma ya mianzi, taratibu, nayo ikiliambia tairi. "Tairi, mwambie mwenye gari, kitambaa kilichopigwa jua miaka kwenye kioo cha duka nacho hakijavaliwa. Lakini akikishona, kitachanika siku ya harusi."

Hapo alimpata. Hakuna fundi asiyekijua kitambaa hicho. Mzee Hezroni akainuka, akalivuta tairi hadi magotini, akaukunja ubavu wake kwa nguvu zote kama anavyokunja kola. Nyufa zikafunguka, nyembamba, nyingi, kama za kisigino cha mkulima. Akalikunja la pili, na la tatu. La nne hakuligusa.

"Na mwambie sisemi kwa ujuaji," sauti iliendelea, sasa imeshuka. "Ninaogopa."

"Unaogopa nini, we tairi?"

"Kupasuka darajani, mvua inanyesha. Mimi nimo ndani, na huyu yumo ndani yangu."

Mzee Hezroni akaliachia tairi. Alisikia aibu, na chini ya aibu alisikia uchungu, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake humo jikoni, hatua chache kutoka alipokuwa yeye amebeba ya kwake.

Mwenye duka alikataa kuyarudisha. Mali ikishatoka, alisema, imetoka. Mzee hakutaka kumwuzia mtu mwingine, basi yakaenda kwa fundi wa katambuga ayakate viatu, kwa maana kiatu hakiendi mbio barabarani. Akiba ilikuwa imekwisha na mawingu yalishaanza kukaa milimani upande wa Tukuyu.

Jumatatu iliyofuata, watu wa sokoni Kyela walisimama kutazama. Mbele ya cherehani ya Mzee Hezroni palikuwa na kibao, chaki bado mbichi: TUNAPUNGUZA NGUO ZA MTUMBA. Wakaja na makoti yao, yale yale, mikono imewazidi hadi vidoleni, naye akayapokea, akayakata, akayashona, huku utani ukimwagika kila upande. "Fundi, umeokoka?" Alitabasamu na sindano mdomoni. Ila mikono ile ilikaa vizuri mno, na watu wakaleta mengine. Hadi leo sijui nani alimwambia nani, lakini wapo waliotoka Bujonde kwa ajili ya suruali moja tu.

Jioni nyumbani kulikuwa na shule. Mzee aliliuliza tairi chakavu lililoegemea ukuta, na ukuta ukamfundisha: ingiza mkono ndani upapase kiraka, tazama ubavu kama umevimba, kama limelika upande mmoja, liache, yote manne yawe ya namba ile ile, na usinunue wakati muuzaji anakuchekesha. Siku aliyorudi chini ya mkorosho wa Erasto, aliingiza mkono ndani ya kila tairi hadi kwapani, akakunja, akanusa, hata Erasto akaanza kutoka jasho.

"Mzee, unanunua tairi au unaoa?"

"Nyamaza," alisema Mzee Hezroni, "usinichekeshe."

Akarudi na manne ya Japani. Asubuhi yake ukuta ukatoa hukumu: matatu mazuri, moja lirudishwe, lina kiraka kilichopakwa rangi. Alilirudisha akiimba, akapewa jingine.

Mvua zikaja. Uchungu nao ukaja, alfajiri ya siku ya mvua kubwa kuliko zote. Naomi alikimbia kwa Yohana akarudi peke yake, amelowa chapachapa. Trekta lilikuwa limezama Bujonde tangu jana, na Yohana yuko nalo.

Mzee Hezroni alikuwa amesimama uani na ufunguo mkononi. Ndani ya nyumba Keziya alilia mara moja, kisha akajizuia. Mzee akaingia garini, akakigeuza kioo cha kati hadi kikatazama paa, akafungua mlango wa nyuma bila kugeuka, na kusema kwa sauti ya kumwambia yeyote, "Gari liko tayari."

Wakaenda. Naomi alikaa nyuma akimshika binti. Matairi yalishika, kila dimbwi walilovuka, mzee alisema moyoni ahsante kwa Japani, nchi ambayo hakujua iko wapi. Lakini kabla ya daraja njia ilikuwa imeoza kabisa, na Datsun ikaanza kuzungusha magurudumu ya nyuma pale pale, ikizama. Akakanyaga mafuta, ikazama zaidi.  Nyuma yake ule mlio wa kujizuia ukakoma ukawa kilio.

Halafu, katikati ya kilio, Keziya akasema:

"Tata, usikanyage. Shuka utoe upepo kidogo, matairi ya nyuma. Yalegee, yatashika."

Hakuliambia tairi wala ukuta. Naomi alifungua mdomo afikishe ujumbe, akaona umeshafika.

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mzee Hezroni.

Akapiga magoti kwenye matope, akabonyeza valvu kwa njiti ya kiberiti, upepo ukatoka, matairi yakalala kidogo. Akarudi ndani, akatia gia ya pili, akaachia klachi polepole kama mtu anayeshona hariri. Datsun ikatikisika, ikang'ata udongo, ikapanda hadi darajani.

Hospitali walimpokea Keziya wakamwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mzee Hezroni alikaa kwenye benchi la nje, matope hadi mapajani, kofia ameishika kwa mikono miwili. Aliomba, akaishiwa maneno, akaanza upya. Watu waliomjua walipita wakamsalimia, hakuwasikia.

Mchana muuguzi alitoka. Ni mtoto wa kike, alisema, na mama yake mzima, ameamka.

"Wewe ndiye baba mkwe?" aliuliza.

"Ndimi."

"Ameamka na swali moja tu. Anauliza kama baba amekula."

Mzee Hezroni alitaka kujibu kwamba bado, kwamba hana njaa, kwamba aambiwe apumzike.  Badala yake alijifunika uso kwa kofia yake na kulia pale pale benchini mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake, na Naomi alipokuja kumshika bega hakujaribu kumnyamazisha.