Mama yangu alikunywa dawa ya wiki kila siku, na aliyemwambia hivyo ni mimi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi. Leo naandika yaliyonipata mimi mwenyewe, bila kuongeza chumvi, na kuna mahali yataniaibisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa Biology na Chemistry, secondary moja upande wa Meru. Shikeni hapo kwa Biology.

Nyumbani kwetu ni Embu, juu kidogo ya Kianjokoma, kule kwa majani chai. Baba alishatangulia. Mama anaishi pale peke yake, na kwa vile mimi ndiye kifungua mimba, majirani wanamwita Mama Njeru.

Mama amechuma majani chai tangu akiwa msichana. Miaka michache iliyopita vidole vyake vikaanza kuvimba. Asubuhi hawezi hata kufunga kifungo cha sweater. Sisi tukasema ni baridi ya mlima, akapakwa kila mafuta unayojua.

Mwishowe nikampeleka kwa daktari mjini, akapimwa damu. Ni arthritis, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo.

Clinic iliyofuata alienda mwenyewe, mimi nilikuwa nimebanwa na form four. Huko akaongezewa dawa mpya.

Jina la dawa sitaji, kwa sababu najua kuna mtu hapa atakimbia chemist. Ni dawa nzuri, imeinua watu wengi. Lakini ina sheria moja isiyo na mchezo: hunywewa mara moja kwa wiki.

Kwa wiki, wakuu. Si kwa siku.

Kwenye pakiti mtu wa dawa aliandika kwa kalamu "4 tabs wkly", yaani vidonge vinne kwa wiki. Basi. Akamweleza Mama haraka haraka, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, kisha akamuuliza, "Umeelewa, mama?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

Mama aliishia darasa la tatu. Kwa Kiembu atakupangia shamba, mahari na mazishi bila kuandika popote. Kiswahili chake ni cha soko. Kiingereza hana.

Alipofika nyumbani alinipigia simu.

"Njeru, hizi dawa mpya nakunywa aje?"

Nilikuwa staffroom, rundo la mock papers mbele yangu.

"Wameandika ngapi?"

"Naona nne."

"Basi kunywa nne asubuhi baada ya chai, vile unakunywa ya pressure."

"Kila siku?"

"Eh Mum, kila siku. Usiruke."

Sikumwambia anisomee herufi. Sikuuliza hata jina la dawa. Simu haikumaliza dakika moja, nikarudi kusahihisha swali la enzymes.

Na Mama ni mtu wa kufuata. Nilimwambia asiruke, hakuruka.

Haikuisha wiki mbili, mdomo ukajaa vidonda. Akafikiri ameungua na chai. Halafu uji ukamshinda, halafu maji. Homa ikaingia. Nikipiga simu ananiambia yuko sawa, ana mafua kidogo. Hakutaka kunisumbua na mitihani.

Sasa niwajulishe Wanja.

Wanja ni CHP wa kijiji chetu, wale wahudumu wa afya wanaotembea nyumba hadi nyumba na begi, wanapima pressure na sukari. Tulisoma pamoja primary. Yeye akaishia darasa la nane, akaolewa hapo karibu, anauza mboga.

Ukweli ni kwamba nilikuwa namdharau. Kuna siku alinipigia kuniambia Mama apunguze chumvi. Nikamjibu, "Asante Wanja, hayo mambo ndiyo mimi nafundisha." Nikakata simu.

Asubuhi moja Wanja akapita kwa Mama katika mzunguko wake wa kawaida. Akamkuta jikoni amejikunja kando ya moto, leso mdomoni. Akampima, joto liko juu.

Mtu mwingine angempa Panadol na kuenda. Wanja alivuta stuli akakaa. Hakumuuliza kama anakunywa dawa vizuri. Alimwambia kwa Kiembu, na hii nimesimuliwa na wote wawili:

"Mama Njeru, leta dawa zako zote hapa. Tuseme sasa ni asubuhi, umeamka. Nionyeshe vile unafanya."

Mama akatoa moja ya pressure. Kisha akahesabu nne kutoka kwa ile pakiti mpya.

"Na jana?"

"Nne."

"Na juzi?"

"Nne. Sijaruka hata siku moja, Njeru alinikataza."

Wanja hakuwa anaijua hiyo dawa. Lakini aliona maandishi ya pakiti mbili hayafanani, ya pressure ina "daily", hii ina neno lingine lililokatwa. Hakubahatisha. Alimpigia Sister Muthoni, nurse wa dispensary yetu, akamsomea herufi moja moja. W, k, l, y.

Sister akasema, "Asimeze tena hata kimoja. Mlete saa hii."

Jirani mwenye pickup ya majani akamwaga magunia yake kando ya barabara, wakamlaza Mama nyuma na blanketi. Dispensary wakamtundikia maji, wakampeleka hospitali kubwa.

Habari iliponifikia, nilitoka Meru bila kuaga principal. Nilipofika, Mama alikuwa kwenye chumba cha peke yake, sababu damu yake haikuwa na askari wa kutosha wa kupigana na ugonjwa wowote. Dawa ilikuwa imewamaliza.

Daktari aliniambia polepole, "Mngengoja siku chache zaidi, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Kisha akamgeukia Mama. "Shosho, nani alikwambia unywe kila siku?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda.

Mama, na ule mdomo wote ni kidonda, akasema, "Ni mimi nilisahau, daktari. Ni uzee."

Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa ananificha, vile alikuwa ananificha kwa baba nikivunja kitu.

Wakuu, mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Nililia pale mbele ya nurses.

"Daktari, si yeye. Ni mimi nilimwambia kwa simu."

"Uliona pakiti?"

"Sikuona."

Nilingoja anikemee. Hakunikemea. Alisema kosa lilianza pale mtu alipouliza "umeelewa?" na kuridhika na kichwa kilichotikisika. Mimi nilikuwa tu kosa la pili.

Mama alilala hospitali wiki mbili. Sindano, maji, damu kupimwa kila siku. Siku aliyomaliza kikombe kizima cha uji, nurse wa zamu alinipigia makofi kana kwamba mimi ndiye nimekunywa.

Tuliporudi nyumbani nilienda kwa Wanja moja kwa moja. Alikuwa anapanga sukuma wiki kwa meza yake.

"Wanja, nisamehe. Ile siku ya chumvi."

Akacheka. "Mwalimu, hata mimi nilifundishwa. Zamani nilikuwa nauliza watu wameelewa, wote wanasema ndio. Hakuna mtu mzima anataka kuonekana hajui. Sasa siulizi. Nawaambia wanionyeshe."

Sentensi moja, na mimi nimekaa chuo miaka minne sikuipata.

Nikaomba kuongea kwenye mkutano wa kamati ya dispensary. Nilipendekeza iwe sheria: mtu asitoke dirisha la dawa kabla hajaeleza, kwa lugha yake, atainywa vipi. Na maandishi yawe maneno kamili. Kama ni ya wiki, siku iandikwe jina.

Haikupita kirahisi. Mzee mmoja wa kamati akasema foleni itafika barabarani. Mwingine akasema watu wataona wanafanywa watoto wa nursery.

Mama hakuwa kwenye ratiba. Alisimama na fimbo yake, akaongea Kiembu.

"Mimi nilitikisa kichwa. Kichwa kilisema ndio, na mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilionea mtu wa dawa aibu, nikakaribia kuzikwa kwa sababu ya aibu. Afadhali foleni."

Yule mzee wa foleni ndiye aliyeinua mkono wa kwanza kuunga.

Foleni iliongezeka mwanzoni, siwadanganyi. Lakini mambo yaliyotoka pale dirishani! Kuna mzee wa Mbeere, amekuja kukaa na binti yake, ana asthma. Amebeba inhaler miezi mingi na hapati nafuu. Sister akamwambia, "Guka, nionyeshe." Mzee akaielekeza kifuani, akajipulizia juu ya shati. Kifua si ndicho kinauma?

Hakuna aliyemcheka. Alifundishwa, na siku hizi anapanda kile kilima cha kanisa akiongea.

Mwaka huu maafisa wa afya wa county walikuja kuangalia, wakakaa hapo dirishani asubuhi nzima, wakanakili maneno yetu. Dispensary za karibu zimeanza. Huko chini lowlands, mtu anatembea mbali zaidi kufika kwa nurse, kwa hivyo asipoelewa mara ya kwanza hana wa kurudi kumuuliza. Naomba Mungu ifike huko haraka.

Mama yuko vizuri. Daktari alimrudishia ile dawa ya wiki baadaye, kwa uangalifu, na vipimo vya damu kila mara. Alipoulizwa achague siku, akachagua Jumapili akitoka kanisa. Wanja akaandika kwa pakiti JUMAPILI kwa herufi kubwa, na Mama anajua umbo la hilo neno kama anavyojua sura yangu.

Nilichojifunza ni kwamba masomo yangu hayakumlinda mama yangu. Yalinifanya nijibu haraka. Aliyemwokoa ni mwanamke wa darasa la nane aliyekuwa na subira ya kuvuta stuli, na unyenyekevu wa kumpigia simu anayejua zaidi. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa Sister Muthoni, na kwa jirani ambaye majani yake yalikaukia barabarani siku hiyo na hajawahi kuyataja.

Kama mzazi wako anakunywa dawa yoyote, mpigie leo. Usimuulize kama ameelewa. Mwambie akusomee pakiti au akutumie picha, kisha akueleze anavyofanya. Mpe muda, hata kama mezani kwako kuna mock.

Wenye yaliyowapata, na nurses na ma-CHP mlio humu, nirekebisheni pale nimekosea. Nasoma kila comment, na jioni nitamsomea Mama kwa Kiembu.