Nimesajili redio ya boti, nimerudi nimechukia

Leo nimesonya mpaka mdomo unauma.

Nimetoka Ikola mpaka Mpanda mjini kukatia leseni redio ya boti yangu na kusajili namba yake. Ile namba ambayo ukibonyeza kitufe cha hatari ziwani, waokoaji wanajua ni boti ya nani.

Fomu inauliza: boti ikipata shida, apigiwe nani?

Nikaandika mke wangu. Yeye yuko nchi kavu siku zote.

Karani akafuta, akaandika jina langu. "Anatakiwa mwenye boti, mzee."

"Mdogo wangu, mwenye boti ni mimi na nahodha ni mimi. Nitakuwa humo humo!"

"Ndio utaratibu." Akagonga mhuri. Mxiuu!

Yaani siku tunazama, simu italia mfukoni mwangu.

Nyie, nikipokea niseme nini?