Buti la Breki

Mzee Mbogo wa Matisi alipotaka kuendesha pikapu yake, mguu wa kushoto aliuvisha sandali ya tairi, na wa kulia akauvisha buti zito jeusi lenye soli nene kama kipande cha ubao. Mgeni angedhani mzee amevaa akiwa na usingizi. Watu wa Matisi hawakucheka. Walijua kwamba hilo ni buti la breki.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya buluu, au iliwahi kuwa, na ilimzidi umri Tabby, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Injini yake ilikuwa nzima, bodi imara, ila kuisimamisha kulihitaji mguu. Tena si mguu wowote. Ngige, shemeji yake Mbogo, aliwahi kuiazima mara moja kubebea viti vya harusi, akaishia ndani ya kibanda cha mboga cha Kabura, katikati ya kabichi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeomba funguo. Walimwomba Mbogo mwenyewe.

Na hapo ndipo raha yote ilipokuwa. Wanawe walikuwa wamegawana shamba, na siku hizi walipanda mahindi bila kumuuliza mbegu gani wala lini. Lakini penye harusi, mazishi au mavuno, mtu angesimama langoni na kusema kwa adabu, "Mzee, utatubebea?" Naye angetoa daftari dogo mfukoni, alikunjue, atazame ukurasa usio na hata neno moja, kisha aseme kwamba atajaribu kujipanga.

Mwezi wa tatu goti lilianza kumsaliti. Siku moja, akiteremka kutoka mjini Kitale na magunia ya mbolea, alikanyaga breki, akakanyaga tena, akaongeza na mguu wa sandali, na pikapu ikaja kusimama pua yake ikiwa juu ya jiko la mama mmoja mchoma mahindi. Mbogo alichungulia dirishani kana kwamba alikuwa amepanga iwe hivyo, akasema harufu ndiyo iliyomvuta, akanunua mahindi mawili. Lakini hadi nyumbani aliendesha kwa gia ya kwanza, na mahindi yenyewe hakuyala.

Kwenda kwa fundi wa Kitale ilikuwa ni sawa na kutangaza kanisani, maana hakuna fundi ambaye hakunywa chai na Ngige. Basi Mbogo akamwambia mkewe, Waithera, kwamba anakwenda Malakisi kumjulia hali rafiki yake wa zamani, Sifuna. Badala yake akaenda mjini Bungoma, akaulizia, akaelekezwa kwa fundi mmoja mwanamke aitwaye Lenah, aliyekuwa na gereji nyuma ya duka la vipuri.

Lenah alifungua boneti, akagonga kwa spana mkebe mweusi wa duara uliokuwa nyuma ya injini, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii gari ulikuwa unaisimamisha na nini?"

"Na mguu."

"Mguu na maombi. Busta ilikufa kitambo."

Akamweleza kwamba ndani ya ule mkebe kuna ngozi ya mpira. Injini hufyonza hewa ya upande mmoja, na hewa ya upande wa pili ikausukuma mpira pamoja na mguu wa dereva, ili dereva asisukume peke yake. Mpira wa Mbogo ulikuwa umechanika miaka mingi iliyopita, na hata ulipokuwa mzima ulikuwa mdogo. Lenah alipendekeza busta kubwa zaidi, yenye mipira miwili, iliyotoka kwenye gari la juzijuzi, pamoja na masta silinda yake, ile inayosukuma mafuta ya breki. Alishinda siku nzima kwenye kazi hiyo. Kile chuma chembamba cha kusukumia alikipima mara tatu, akisema kikizidi urefu kidogo tu, breki zitajishika zenyewe barabarani. Kisha akatoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne.

Mwishoni alimwambia Mbogo akanyage pedali injini ikiwa imezimwa, hadi iwe ngumu kama jiwe, halafu awashe bila kuinua mguu. Injini iliponguruma, pedali ikashuka yenyewe chini ya buti, taratibu, kama mtu aliyechoka kubishana.

Wakatoka kuijaribu. Walipofika penye tuta, Mbogo akakanyaga kama alivyozoea miaka yote. Pikapu ikasimama palepale, kisanduku cha spana kikaruka, na Lenah akajikuta ameikumbatia dashibodi.

"Polepole, mzee. Huui nyoka hapa."

Kisha, akipangusa mikono kwa tambara, akasema kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri, "Sasa hata mama akitaka, anaweza endesha. Hata mtoto wa shule, bana. Hii ni ya kugusa tu."

Mbogo akalitazama buti lake. Alikuwa amekuja kuliponya goti, na hakufikiri kwamba dawa hiyo ingemfungulia kila mtu mlango. Ngige akijua, funguo zingetembea Matisi nzima, na langoni asingebaki wa kuuliza kama mzee atajipanga. Akamsihi Lenah asimwambie mtu. Lenah akamuuliza amwambie nani, na yeye hana anayemjua Kitale.

Kwa hiyo buti halikustaafu. Mbogo aliendelea kulivaa, na kila alipofika penye watu alikunja uso, akauma midomo, akaguna, huku kidole gumba kikiigusa pedali ndani ya buti kama anayepima joto la maji ya kuoga.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kurudi mikono mitupu.

"Sifuna hajambo?" Waithera aliuliza jioni hiyo.

"Hajambo. Anakusalimu sana."

"Na hakukupa hata kuku."

Ilikuwa kweli. Kwa Sifuna hakuna aliyewahi kutoka bila kuku amefungwa miguu, hata aliyepita kuuliza njia. Mbogo akasema kuku wa Sifuna walipatwa na ugonjwa. Waithera akasema pole, akaendelea kuchambua mboga.

Baada ya wiki chache likazuka jambo jingine. Kila Jumatano Mbogo alikwenda kwa miguu kwenye kamati ya mradi wa maji, na kila Alhamisi aliikuta sindano ya kipimo cha mafuta imeshuka. Akawaza sana, akafikia uamuzi kwamba busta mpya ina mipira miwili, kwa hiyo inakunywa mara mbili. Akarudi Bungoma kulalamika.

Lenah alisikiliza hadi mwisho. Akakagua bomba la hewa, akatega sikio kama kuna mahali panapovuja, akajaribu pedali. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Busta inakunywa hewa, mzee. Petroli haiijui. Nani mwingine anaendesha hii gari?"

"Hakuna mwingine mwenye mguu," Mbogo akasema, na Lenah akainamia boneti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Safari hii hakurudi mikono mitupu. Alipitia sokoni akanunua kuku mnono mweupe, akampeleka kwa Waithera pamoja na salamu nyingi za Sifuna. Waithera alimpokea, akamgeuza kulia na kushoto, akamtazama miguu, akashukuru.

Alhamisi iliyofuata alipanda kwenye pikapu akagonga usukani kwa magoti. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele, tena sana. Mbogo alikaa hivyo hivyo amejikunja kama panzi, akiwaza ni nani pale Matisi mwenye miguu mifupi kiasi hicho. Wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa amelala naye kitanda kimoja kwa miaka thelathini na tisa.

Kabla hajajua aseme nini, Jumamosi Ngige akaja. Akaketi, akapewa chai, akaanza kwa mbali, kama kawaida yake. Alisema ana viti vya kubeba. Kisha akasema Jumatano ameonekana mtu mfupi akiendesha pikapu hii karibu na posho mili ya kusagia mahindi, akisimama na kuondoka bila shida yoyote.

"Nikajiambia, kama breki zimepona, si mzee anipe tu funguo, nisimsumbue?"

Mbogo alitazama ndani ya kikombe. Waithera akaiweka birika chini.

"Ni mimi," akasema. "Nilivaa buti la Baba Tabby, na siku mbili sikuweza kupanda ngazi ya kanisa. Lakini wewe ni mwanaume. Buti liko pale mlangoni. Au umesahau kabichi za Kabura?"

Ngige akalitazama buti, akalisugua goti lake, akasema viti vyenyewe si vingi. Kisha akamgeukia Mbogo, akamuuliza kwa adabu kama atawabebea. Mbogo akatoa daftari.

Ngige alipoondoka, Mbogo alilirudisha daftari mfukoni.

"Ulijifunzia wapi?" Mbogo akauliza.

"Trekta la baba, kabla hujanioa. Hukuwahi kuuliza."

"Na ulijuaje kwamba breki zimepona?"

"Ulikuwa umeziba mlango wa banda la kuku kwa pikapu. Nikaisogeza. Breki ikashika kwa kugusa tu, na Sifuna si fundi." Akammiminia chai. "Na yule kuku, Baba Tabby. Kuku wa gredi, si wa kienyeji. Sifuna angejificha kwa aibu."

Mbogo akauliza anataka nini. Waithera akasema Jumatano ni yake, na mafuta yake atatia mwenyewe.

Kwa hiyo siku hizi, ukipita Matisi siku ya Jumatano, utamwona Waithera akienda kwenye posho mili na gauni lake la maua, mguu mmoja na kiatu cha kanisani, mwingine na buti jeusi lililojazwa magazeti vidoleni. Akifika penye watu hukunja uso na kuguna. Mbogo, akiwa njiani kuelekea kwenye kamati yake ya maji, husimama kusikiliza, na lazima akubali kwamba mkewe anaguna vizuri kumshinda.