Mguu wa Wageni

Frednand wa Runazi hakuanguka kutoka kwenye mti, wala hakupigwa teke na ng'ombe, ingawa yote mawili aliwaambia watu, kisha akasahau alimwambia nani lipi. Ukweli ni kwamba aliumia akijifunza kutembea. Mtu mzima, mwenye mvi na shamba lake, mwenyekiti wa jumuiya, anajifunza kutembea.

Sababu ilikuwa harusi. Kalista, binti yake wa kwanza, alikuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, na siku hizi baba hampeleki binti altareni hivihivi kama anayekwenda kisimani. Kuna mwendo wake. Hatua moja, unasimama, unayumba kidogo, unatabasamu, kisha hatua nyingine. Kalista alimfundisha uani, wakacheka mpaka wakakaa chini. Frednand akaona haya kurudia mbele ya majirani. Akavaa viatu vyake vipya vya ncha, akajificha katikati ya shamba la mihogo. Hatua, simama, yumba, tabasamu. Kwenye tabasamu ndipo alipoingia shimoni, pale pale mkewe alipong'oa muhogo wa chakula cha mchana.

Kifundo cha mguu wa kushoto kikaumuka kama andazi. Kwenye zahanati, nesi Happyness alikibonyeza taratibu, akamwambia mfupa ni mzima, ila kano zimevutika.

"Shikamoo tena baba, maana sasa nakupa amri," alisema. "Mguu upumzike. Ukilala, uweke juu ya mto. Kitambaa cha maji baridi, bandeji isiyokaza sana. Maumivu yakipungua, utauchezesha mwenyewe polepole. Kukanda, hapana. Maji ya moto, hapana. Mtu asiuvute. Mkiuchezea, harusi utaiona kwenye simu."

"Na nisipoweza kutembea, nani atampeleka mtoto?"

"Si yupo baba yake mkubwa?"

Maneno hayo yalimuuma kuliko kifundo. Baba mkubwa alikuwa Gidioni, kaka yake anayeishi Nyantakara, ambaye tangu utotoni alimlia Frednand finyango zake kwa kisingizio cha kumwonjea chumvi. Habari za ajali zilipomfikia, Gidioni alisikitika sana, akapeleka suti yake kwa dobi. Frednand akaapa kwamba Kalista atashika mkono wa baba yake mzazi, hata kama baba mzazi atakwenda altareni kwa magoti.

Amri za nesi zilikuwa nyepesi. Shida ilikuwa watu. Runazi mgonjwa haangaliwi kwa macho tu. Anayekuja kutoa pole huja na mikono yake. Ukiteguka, kila anayeingia anakunja mikono ya shati na kukukanda. Ukimkataza, umemwambia mbele ya watu kwamba mkono wake una kitu, na neno la namna hiyo halifutiki hata kwa pilau la harusi.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yao, Mzee Nshimirimana, ambaye kwa urwagwa, pombe ya ndizi, hana mpinzani. Maisha yake yote amekamua ndizi kwa nyasi, na mikono yake haijui kazi nyingine.

"Ihangane, jirani. Pole sana," alisema. "Uko wapi huo mguu?"

Akaushika, akaukamua. Frednand alipiga ukelele, mbuzi wakakata kamba.

Jioni ile uvimbe ulipanda mpaka nusu ya muundi. Deodata, mkewe, alikaa kitandani akifikiri. Ni mwanamke asiyesema mengi, lakini akinyamaza namna ile, jihadhari.

"Baba Kalista," alisema mwishowe, "hawa watu wanataka mguu. Hawajasema upi."

Akachana kitenge cha zamani, akaufunga mguu wa kulia, ule mzima, mpaka ukaonekana mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Wa kushoto akauweka juu ya mto na kitambaa chake cha maji baridi, akaufunika blanketi. Kesho yake Mzee Nshimirimana aliporudi, alikunja uso.

"Mbona kama jana ulikuwa huu mwingine?"

"Mzee, jana ulikaa upande gani wa kitanda?" Deodata alimuuliza kwa heshima.

Mzee akafikiri, akakubali kwamba jana alikaa upande wa pili. Akaanza kazi.

Basi mguu wa kulia ukakandwa. Ulikandwa kwa maji ya moto, kwa samli, kwa chumvi na kwa majani ambayo hakuna aliyetaka kuyataja jina. Kwaya ilipita baada ya mazoezi, ikagawana: sauti ya kwanza vidoleni, besi kisiginoni. Gidioni alitoka Nyantakara na suti yake ndani ya mfuko wa nailoni, akakanda kuliko wote, akikanda kwa matumaini. Kila alipovuta, aliuliza, "Bado hutembei, ndugu yangu? Usijilazimishe."

Mwanzoni Frednand aliugua kwa kuigiza. Baadaye Deodata akamsifu.

"Siku hizi unajua kulia, mume wangu."

"Siigizi tena, mama," alijibu, machozi yakimlengalenga.

Happyness alipopita kumwona, alifunua blanketi, akafurahi. Mguu wa kushoto ulikuwa umenywea, unakunjika, unakanyaga. Kisha akaufungua wa kulia.

"Na huu umevimba nini?"

Deodata akaeleza yote, bila aibu. Nesi akaegemea ukuta, akacheka mpaka akavua miwani.

"Huu nao upumzike," alisema. "Huu nao usikandwe."

"Sasa wageni tuwape upi?" Deodata aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Jumamosi ikafika. Frednand alivaa viatu vya ncha, mguu wa kushoto ukaingia vizuri, wa kulia ukaingia kwa sala. Gidioni alikaa benchi la mbele na suti iliyonyooka, akimtazama kama fisi anayetazama ng'ombe kilema. Kinanda kikalia. Kalista akamshika baba yake mkono.

Hatua. Simama. Hapo mguu wa kulia ukakataa mzigo, Frednand akayumba, na kwa kuwa maumivu yalimkenulisha meno, akatabasamu. Kanisa zima likapiga vigelegele. Hakuna baba aliyewahi kuupatia mwendo ule namna hiyo. Vijana wa benchi la nyuma wakasimama kumpiga picha.

"Huo mguu nimeukanda mimi!" Mzee Nshimirimana alimwambia kila aliye karibu naye, analia kabisa. "Bila mikono hii angebebwa!"

Kalista aliinama kidogo ndani ya shela.

"Baba, unakuuma upi?"

Frednand akayatazama mabenchi, kushoto na kulia, nyuso zote zile zilizomkanda, zinang'aa kwa fahari. Akawapenda wote, isipokuwa Gidioni, na hata Gidioni kidogo.

"Huu wa wageni," alinong'ona.

Kalista akakaza kiwiko, akauchukua uzito wa baba yake upande wa kulia, akampeleka hivyo, hatua kwa hatua, na watu wakasema tazameni baba anavyompeleka mwanawe.

Altareni bwana harusi alinyoosha mkono. Frednand akauachia wa binti yake, na hapo akaumia mahali ambapo hakuna nesi wala mkandaji angepafikia. Akabaki amesimama kwa mguu wa kushoto peke yake, machozi yanamtiririka mbele ya watu wote. Mzee Nshimirimana akayaona machozi yale, akainuka benchini, akaanza kukunja mikono ya koti.