Nafasi Kando ya Kaburi la Mkewe

Treni ilipoiacha Cabramatta, Kokushubila alikuwa amefika mwisho wa Sydney anayoijua. Miaka tisa aliishi Penrith akitunza wazee wa watu, wala hakuwahi kupata sababu ya kushuka Villawood. Kando yake baba yake, Methodi, alikaa wima, koti la suti juu ya sweta mbili, barakoa imemteremka kidevuni, akinong'ona majina. Kaijage. Rwegasira. Mutayoba. Alirudi nyuma kizazi baada ya kizazi mpaka kwa yule aliyefyeka pori na kupanda mgomba wa kwanza, kisha akaanza upya.

"Taata, hayo unayajua tangu hujaota meno."

"Nayajua nikiwa nyumbani. Huku sijui kama yamenifuata."

Alikuja Februari 2020 kumwona mjukuu, akitaraji kukaa miezi mitatu. Korona ikafunga anga, na sasa ilikuwa Julai. Nyuma, nje kidogo ya Bukoba, alikuwa ameacha kibanja cha ukoo: migomba, kahawa, na makaburi. Kwa Wahaya, waliolala ndani ya kibanja ndio wanaosema ni cha nani. Mke wa Methodi alizikwa sehemu ya chini, na kando yake Methodi aliacha nafasi ya mtu mmoja, ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Sasa Projestus, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa amewaambia wazee wa ukoo kwamba sehemu hiyo ya chini babu yake alimgawia marehemu baba yake tangu enzi za Mwingereza. Wazee walikubali kumsikiliza Methodi kwa simu, ila akae na mwanamume wa ukoo, binti yake asije akamnong'oneza. Mwanamume wa ukoo Sydney nzima alikuwa mmoja tu, Abednego, mpakizi wa magodoro kwenye ghala la Villawood.

Walitembea kati ya gereji na maghala. Mbele yao ukatokea ua mrefu wa waya.

"Gereza?" Methodi aliuliza.

"Ni pa watu wasio na karatasi."

"Mimi ninazo?"

"Unazo, Taata. Mpaka Septemba."

Abednego aliwapokea mlangoni kwake na taulo begani. "Ta Methodi, karibu kwa mwanao! Na wewe Koku, miaka tisa hujui kwangu, umengoja kesi ndiyo uje kula?"

"Ungekuwa unajua kupika ningekuja mapema."

Kwao ilikuwa jioni, Bukoba asubuhi. Kwenye simu walionekana wazee sita sebuleni kwa mwenyekiti wa ukoo, na Projestus kwenye kiti cha pembeni, amenyoa kichwa kwa ajili ya msiba. Methodi alisimama kana kwamba yuko mbele yao. Majina yalimjia yote, hakuna lililoteleza. Akaeleza jinsi baba yake alivyowazungusha yeye na kaka yake kwenye mipaka, akawashikisha kila mmea wa mpaka kwa mkono: juu kwa mkubwa, chini kwa mdogo. Wazee wawili walikuwa wakiitikia kwa kichwa. Abednego alimbinya Kokushubila kiwiko, naye kwa mara ya kwanza katika wiki nzima akavuta pumzi.

"Baba mdogo amesema vizuri," Projestus alisema. "Mimi sina maneno. Naomba tu wazee wasikie."

Akainua simu nyingine. Ikatoka sauti ya Methodi iliyorekodiwa: "Mwanangu, unaniulizaje jambo hilo? Pale ni kwake. Mlaze popote moyo wako unapotaka."

Kokushubila aliyakumbuka maneno yale. Jumanne iliyopita Projestus alipiga akilia, mama yake amefariki, wamlaze wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshikia baba yake simu. Na Methodi alijibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa kule, kwa kuwa mfiwa haongeleshwi habari za mipaka. Alijua watamlaza juu, karibu na mumewe. Nani angemlaza kwingine?

"Nilikuwa nampa pole!" Methodi alisema.

"Tuliisikia, Methodi," mwenyekiti alijibu taratibu. "Msiba wote uliisikia. Aliiweka kwenye spika."

Mtu akaibeba simu mpaka kibanjani. Picha iliyumbayumba kati ya migomba, ikatulia juu ya saruji mbichi na maua ya plastiki. Kaburi jipya lilikuwa ubavuni mwa kaburi la mkewe, palepale kwenye ile nafasi ya mtu mmoja.

"Si wamfukue!" Abednego aliropoka.

"Kijana, wewe umekulia wapi?" mwenyekiti akamkata.

Hawakuchukua muda. Sehemu ya chini wakaipa nyumba ya Projestus, kwa kuwa mama yao yupo pale na mwenye kibanja alitamka mwenyewe. Mke wa Methodi asingesumbuliwa.

"Na mimi?" Methodi aliuliza.

"Wewe si uko Ulaya huko?"

"Siko Ulaya. Niko Villawood."

Wazee walikuwa wamekwisha kuinuka.

Wiki mbili baadaye Methodi alipata tiketi ya kupitia Doha. Kokushubila alikuwa raia wa huku, na kwa ajili ya korona raia hakuruhusiwa kutoka nchini bila kibali. Aliomba, wakamjibu kwamba kesi ya shamba si sababu.

"Ukitoka hutarudi, Taata," alimwambia kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege, uliokuwa mtupu kama shule wakati wa likizo. "Mipaka imefungwa."

"Nikibaki mtanizika na watu nisiowajua."

"Na kule nafasi hakuna."

"Nitamwomba Projestus."

"Akikataa?"

"Nitamwomba tena."

Alisema hivyo bila hasira, mzee wa miaka sabini na nne anayekwenda kumpigia magoti mtoto aliyempakata. Mlinzi akaashiria kwamba wasiosafiri waishie pale. Methodi alichukua mkoba wake, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Na wewe, Koku? Wewe watakulaza wapi?"

Kokushubila alimfuata hatua zile mbili, akampandishia barakoa iliyoteremka kidevuni.

Baba yake alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akaingia.