Watu wa Darubini

Juzi nilimpeleka shangazi yangu kwenye msitu wa Kakamega, alikokuwa zamani akiongoza wageni wanaotazama ndege, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu. Mvua ilikuwa imekatika, majani yalinukia, na ndege mkubwa wa buluu alikuwa akilia kokoko juu mtini. Shangazi alimwonyesha kwa kidole. Wageni wakainua darubini. Niliwahurumia sana. Watu wazima, na hawaoni bila chombo! Nikamshika mama mmoja mkono, na njia nzima nikawa namwambia, "Chunga mzizi, mama." Hakucheka, naye alinishika kwelikweli.

Sasa macho ya shangazi ndiyo yamefifia. Lakini juzi, nilipoinua darubini yangu huku nikitembea, yeye ndiye aliyenivuta mkono.

"Chunga mzizi, mama."