Miguu Ukutani

Harufu ya hina ilinipokea ngazini kabla sijagonga mlango. Ilikuwa harusi ya binamu yangu, mtaa wa Khuwair ya Kusini, katika fleti yenye kiyoyozi kinachonguruma kama paka aliyeshiba. Wasichana wawili wa kukodiwa walikuwa wakiwapaka wageni hina kwa vibomba vya plastiki. Mmoja alikuwa ametia mafuta ya karafuu na ndimu, kama ilivyotiwa zamani, na pale pale mlangoni, kiatu mkononi, nikaona haya. Uso ulinichoma kama ulivyonichoma nilipokuwa na miaka minane, kisimani Darsait, mbele ya wanawake wote wa mtaa.

Tulikuwa tumetoka Unguja miaka michache nyuma, mambo yalipoharibika. Baba alikwenda Kuwait kutafuta kazi. Mama na mimi tulikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Ami Nasor, binamu wa baba, mfanyabiashara wa mji wa Matrah, ambaye ndiye aliyetuombea ruhusa ya kuingia nchi hii ya Waarabu. Darsait ya siku hizo ilikuwa mitende, vibanda vya makuti na vilima vyeusi vilivyohifadhi joto la mchana kama jiwe la kuchomea mkate. Ami alikuwa mkarimu wa maneno. Kila akikaa barazani aliwaambia watu kuwa jamaa zake ni watu wa hadhi, kwao Unguja hawakujua uzito wa ndoo, na hapa pia wana mtumishi wa kuwachotea.

Mtumishi hakuwepo. Kiu ilikuwepo.

Mama hakutaka kumfanya Ami mwongo, maana paa lililotufunika lilikuwa lake. Akaazima barakoa, kile kifuniko cha uso kinachoacha macho tu, akavua bangili, akavaa nguo iliyochujuka. Kisha akanikalisha mkekani.

"Tukifika kisimani wewe ndiye bibi, mimi mtumishi wako," alisema. "Jina langu Zafarani. Na mimi bubu."

Ububu ulikuwa lazima. Kiswahili chake cha mjini kingemfichua kabla ndoo haijagusa maji.

Basi nikawa bibi. Nilitembea mbele mikono mitupu, yeye nyuma na ndoo. Aliyeuliza nilimjibu, "Huyu Zafarani wetu, hasemi." Siku za mwanzo niliona mchezo. Baadaye nikawa nayasema mbio, nikitazama chini. Niliona haya kwamba mama yangu anachota maji, tena niliona haya kwa kuona haya, na watoto wengine waliponiita nikacheze nilisema tumbo linauma.

Faraja yangu ilikuwa moja tu: niliwadharau wale wanawake. Niliwaona wajinga wa mwisho. Walimkaribisha bubu wangu kwa adabu ambayo sijaiona akipewa mtumishi popote. "Pita, Zafarani, kamba hii hapa." Mabruka, mwanamke mrefu asiye na kiatu, aliyekuwa akichotea nyumba za watu tangu utoto wake, alimwinulia ndoo na kumtwika kichwani taratibu, akimwekea sawa kata ya kitambaa kama anayemvika bibi harusi. Mimi nilicheka moyoni. Mtu mzima na akili zake, nilijiambia, anamhudumia mtumishi.

Sasa nikwambieni habari za Bi Thuweba. Unguja alikuwa mpaka hina na piko. Maharusi wa nusu ya mji walipita mikononi mwake. Uzee ulikuwa umemchukulia kumbukumbu ya nyuso, ukamwachia ya miguu. Angeweza kukusahau wewe na jina lako, lakini ukivua kiatu akuulize hali ya shangazi yako. Darsait hakukuwa na maharusi wengi wa kumlisha, ila mkono wake haukukubali kulala. Alichanganya masizi ya sufuria na gundi, akasaga udongo mwekundu wa bondeni, akachonga kijiti cha ukuti, akaanza kuchora kuta za mtaa. Alichora mizani yenye upande mmoja mzito. Alichora sinia moja na mikono mingi, mkono mmoja ukiwa umekumbatia nyama yote. Watu walisimama, wakacheka, kisha wakatupa jicho nyumbani kwa Ami, maana kila mtu alijua ni mkono wa nani.

Aliyemwambia picha ni haramu alijibiwa, "Nikichora uso ntaambiwa akhera niutie roho. Mguu nnautia roho kila siku, kwa hina."

Kiangazi kimoja kisima kikapungua. Kilikuwa cha wakfu, mali ya kila mtu, lakini punda wawili wa Ami walifika alfajiri na viriba vyao, na walipoondoka walituachia tope. Ami alisema mambo yawe kwa nyumba: nyumba kubwa zianze, vibanda vifuate. Ndipo asubuhi moja Bi Thuweba akaja kisimani na vipande vya maboksi ya chai na kaa la kuchorea. Hakuhutubia. Alisema tu, "Maji haya yanagawiwa kwa nyumba au kwa miguu inayoyafuata? Msinijibu kwa mdomo. Anayetaka nyumba asimame juani. Anayetaka miguu asimame kivulini."

"Bibi, hiyo si haki," akasema Mabruka. "Jua hili, hata punda wa Nasor watakwenda kivulini."

Wakacheka mpaka ndoo zikagongana. Bi Thuweba naye akacheka, akafuta jasho. "Kweli. Kwetu tulipiga kura mpaka tukapigana, na bado sijajifunza. Basi tugeuze. Anayetaka miguu ndiye asimame juani."

Ardhi ilikuwa ikiunguza. Mabruka akatoka wa kwanza, miguu mitupu, akasimama juani. Akafuata mwingine, na mwingine. Wachache walibaki kivulini wakitazama vidole vyao. Nikageuka nimshike Zafarani wangu mkono turudi nyumbani, sikumwona. Alikuwa juani.

Bi Thuweba akaanza kupita mstarini. Kila mmoja alikanyaga boksi, akazungushiwa kaa. Baadaye kila boksi lingekatwa kwa umbo la mguu na kuchorwa ukutani, mfululizo, na kila mguu ungekuwa zamu. Asiyekuwa na mguu ukutani hakuwa na zamu. Lakini alikuwa na sharti: lazima mwenye mguu aseme mwenyewe kwamba anataka.

Akamfikia mama. Akapiga magoti. Akautazama ule mguu, kidole cha pili kirefu kuliko cha gumba. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Na wewe mwanangu, unataka?"

"Anataka," nikasema mimi, mbio. "Huyu Zafarani wetu. Hasemi."

"Sikukuuliza wewe, bibi mdogo. Mtu hasemewi hapa."

"Lakini ni bubu."

"Ntangoja."

Na akangoja kweli, magoti yake juu ya ardhi ile ya moto, kaa mkononi. Nilijua kilichokuwa kikipimwa. Mama akinyamaza tungekunywa tope kiangazi kizima. Akisema, Ami angekuwa mwongo mbele ya mtaa, na sisi tungekuwa watu wa chumba cha nyuma wasio na chochote. Nilimwomba Mungu mama anyamaze. Kiu niliifahamu, nilishaizoea. Haya zile sikuwa nimezizoea.

"Nnataka," mama akasema. Sauti ilitoka kavu, kama mlango uliofungwa muda mrefu. Akafungua barakoa. "Mimi Salma binti Humud. Nnachota maji yangu mwenyewe."

Nilifumba macho nikingoja vicheko. Nilichosikia ni Mabruka: "Haya Bi Salma, sogea kidogo basi, unanikanyagia boksi langu."

Bi Thuweba akamaliza kuzungusha kaa, akaenda kwa anayefuata.

Miguu ikachorwa kwenye ukuta wa bustani ya Ami, kwa sababu ndio pekee uliotazama kisima. Ami alikuja na fimbo yake ya mkwaju, uso umemvimba.

"Miguu ya wanawake ukutani kwangu, Bi Thuweba. Aibu hii."

"Ya masizi ndiyo aibu, Nasor? Ya kweli inapita mlangoni kwako kila siku na ndoo kichwani, hujaiona?"

Akaipaka chokaa kabla ya wiki kwisha. Haikumsaidia. Kila mwanamke alikuwa ameshajua mguu wake ulikuwa baada ya wa nani na kabla ya wa nani, wakawa wanajipanga mbele ya ukuta mweupe kama ambao bado wanaiona miguu. Punda walijifunza kungoja kabla ya bwana wao. Ami alikaa siku nyingi hasemi na mama, lakini hakututoa. Angetutoa vipi, mtaa mzima unatazama?

Mimi sikupona upesi. Siku ile niliporudi kutoka kisimani nilitembea nyuma ya mama, nikitazama nyayo zake mchangani, nisijue nizikanyage au nizikwepe. Kwa miaka nilisimulia moyoni kwamba Bi Thuweba alitufichua, mchoraji yule na jicho lake la miguu.

Usiku ule wa harusi nilikaa karibu na mama, yule msichana akimpaka kile kidole cha pili kirefu. Nikamuuliza kama alijua Bi Thuweba angemtambua kwa mguu.

"Thuweba alinijua tangu siku ya kwanza," akasema mama. "Wote walinijua."

"Vipi? Barakoa ilikuwa imekufunika vizuri."

Akanitazama kama ambaye hakutarajia kuulizwa.

"Siku ya kwanza kabisa niliteleza na ndoo, ukapiga ukelele, 'Mama.' Hukumbuki? Kisima kizima kilisikia. Wakageuka upande wa pili, wakaanza kuzungumza habari za joto."